Uzio wa Baba Mkwe

Mianzi ilianza kuanguka kwa baba mkwe wangu Jumatatu asubuhi, na kufikia jioni kila aliyepita kwangu alikuwa na habari moja: mzee anaziba njia. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nimesimama kwenye migomba yangu, jembe mkononi, nikitazama juu kwenye shingo ya mlima, na kwa macho yangu niliona nguzo ya kwanza ikisimikwa pale pale njia inapoingia uwanjani kwake, kisha ya pili, kisha ya tatu. Mtoto wangu alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko akiimba hesabu za kujumlisha. Nikalichoma jembe ardhini, nikasema peke yangu kwa sauti, "Haya. Sasa amemaliza kunichukia."

Jina lake silitaji, na msinilazimishe. Kwetu sisi Wanyakyusa mwanamke aliyeolewa hamtaji baba wa mume wake, hali naye, hazungumzi naye, wala hamtazami usoni. Akisikia anakuja, anajitupa pembeni ya njia, hata kama pembeni ni matope, anajifunika kanga mpaka nyayo zipite. Naye mkwe, kama ni mtu wa heshima zake, hukohoa kabla ya kila kona ili mkaza mwana apate nafasi ya kujificha. Watu wa mjini wakisikia haya hucheka. Wacheke tu. Na wao wana mambo yao, sisi hatuwaulizi.

Nyumba yake imekaa mahali ambapo mgongo wa mlima unakuwa mwembamba, huku korongo na huku korongo. Njia ya shule, ya kanisani na ya gulioni ni hiyo hiyo moja, nayo ilipita katikati ya uwanja wake, mbele ya mlango, kando ya kigoda chake. Kwa wengine halikuwa neno. Walipita, wakamwamkia, wakaendelea. Mimi sikuwa na ruhusa hiyo. Utaniuliza, si angeingia ndani ili nipite? Sasa ni mkaza mwana gani huyo wa kumfukuza mkwe uwanjani kwake kila asubuhi kama kuku? Na hata akiwa hayupo, pale anapoketi hapakanyagwi. Kwa hiyo tangu nilipoolewa kutoka Nkunga kuja huku Kisondela, nilikuwa nashuka mpaka mtoni, navuka kwenye ulalo wa magogo, kisha napanda upande wa pili. Kwa mwanamke mwenye kikapu tu kichwani, hiyo ni safari ya kuchosha. Kwa mwenye mtoto mgongoni, mvua za kwetu zikiwa zimeanza na magogo yamekuwa na utelezi, ni kuchezea roho za watu wawili.

Na mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Asifiwe wangu alipata homa akiwa na miaka mitatu, na homa ilipoondoka, iliondoka na nguvu zote za mguu wake wa kushoto. Mguu ulibaki mwembamba, ukifuata nyuma ya mwingine bila kusaidia kitu. Alitambaa, baadaye akajifunza kuruka kwa fimbo hapa uwanjani, lakini mlima hakuuweza. Mdomo wake, lakini! Mdomo haukupata homa hata siku moja. Aliniongelesha kutwa nzima, aliongea na mbuzi, aliongea na mvua. Alikuwa na miaka tisa Mwalimu Veronika alipopita nyumba kwa nyumba kuuliza watoto walioachwa nyuma, akamkuta amewapanga mbuzi wangu mstarini akiwafundisha irabu alizozisikia kwa watoto wa jirani. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, bila kucheka tena, "Mama Asifiwe, huyu mtoto nyumbani anafanya nini?"

Nikaanza kumbeba. Mwanzoni watoto wa jirani walinisaidia, wakimpokezana kwa fujo na vicheko, lakini mtoto huchoka mchezo, hasa mchezo wenye uzito. Baba yake, Enosi, alikuwa kibarua kwenye shamba la chai, akilala kambini na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nikabaki mimi na mgongo wangu. Kiangazi tulikwenda vizuri. Mvua ziliposhuka, mto ukajaa, ukafunika magogo, na Asifiwe akabaki nyumbani wiki nzima, kisha wiki nyingine. Aliketi kizingitini na begi lake la kitambaa mapajani, amevaa sare, akisubiri mvua ikatike. Nilimwambia avue sare isichakae. Alikataa kata kata.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililonikaa rohoni. Mimba ya Asifiwe ilipokuwa changa, nilipinda kona ya kisimani, ndoo kichwani, nikakutana na mkwe wangu uso kwa uso. Niliyaona macho yake. Niliruka shambani, nikasimama katikati ya kahawa nikiwa nimempa mgongo, mpaka akapita. Siku ile hakuna aliyesema kitu. Lakini homa ilipomchukua mtoto mguu, wanawake wakakumbuka, mmoja mmoja, wakiteka maji. Si alikutana na mkwe, huyu? Mimi nilijua kwamba homa ile ilipita kijiji kizima, na wako watoto ambao hawakuamka. Nilijua. Ila kujua ni kitu kimoja, na kulala usingizi ni kingine. Na kwa kuwa mkwe haulizwi, sikuwahi kusikia yeye anawaza nini. Nikawaza kwa niaba yake. Nikaamua kwamba ananilaumu. Nikaamua kwamba anaona haya kuwa na mjukuu kilema. Kila alipokohoa kule juu, mimi nilisikia lawama.

Basi elewa nilivyoziona zile nguzo.

Elina, jirani yangu, ndiye aliyekuwa akimpelekea mkwe wangu chakula nilichopika, tangu mama mkwe alipofariki. Jioni ile alikuja kuchukua sufuria huku uso umemjaa habari.

"Umeona?"

"Nina macho."

"Nimemwuliza kwa heshima, tata, sasa watu watapita wapi? Kaniambia nikanyage pembeni nisimwangushie nguzo. Basi, hakuna zaidi. Na kifua chake kile! Anapasua mwanzi mmoja, anakaa, anahema, anapasua mwingine."

"Mwache apasue. Nguvu za kutembea hana, za kuzibia watoto njia anazo."

"Mama Asifiwe, chunga mdomo."

"Mdomo wangu haumfikii, Elina. Ndiyo faida pekee ya kuwa mkaza mwana."

Elina aliguna, akafunika sufuria kwa jani la mgomba, akapanda mlima. Kesho yake nilipompikia ndizi, nilitamani nisitie chumvi. Nilishika kichupa, nikakirudisha, nikakishika tena. Mkono ukanishinda, ukatia.

Mjue kwamba mkwe wangu alikuwa fundi wa mianzi, na si fundi wa kubahatisha. Nusu ya nyumba za zamani za upande huu ni kazi ya mikono yake: kuta, vitanda, matenga ya kubebea kahawa. Jiko langu lenyewe alilijenga yeye, kabla sijaletwa. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Ndoo na beseni za plastiki zikajaa kwenye soko la Tukuyu, mitumba ikashushwa kwa marobota, wanunuzi wa kahawa wakaja na magunia yao wenyewe, na matenga yake yakabaki yametundikwa ukutani yakikusanya masizi. Akaweka panga chini. Baadaye kifua kikamwanza, na tangu hapo sikuwahi tena kusikia mwanzi ukipasuliwa kule juu. Na sasa, nilijiambia, kazi ya kwanza aliyoiona inafaa kumtoa kitini ni hii.

Mwalimu Veronika alikuja Alhamisi, viatu mkononi, sketi imelowa hadi magotini. Alitaka kuijua njia ninayopita na mtoto, akapita mtoni kwa kushikilia kamba iliyofungwa na vijana. Nilimpa chai, akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

"Mwalimu mkuu amenituma," alisema. "Darasa limejaa, Mama Asifiwe. Wapo wanaokaa chini. Anasema Asifiwe akikosa na wiki ijayo, anamtoa, aanze upya mwakani."

"Mwakani akae tena na watoto wa miaka saba?"

"Ndiyo."

"Yeye atakuwa na miaka kumi, na mguu huo. Unafikiri atakubali?"

Mwalimu aligeuka kumtazama Asifiwe, ambaye alikuwa amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. "Mimi namfahamu," akasema polepole. "Hatakubali. Akitoka sasa, ametoka moja kwa moja." Kisha akaweka kikombe chini. "Mama, kwa nini msipite kwa babu yake? Nitazungumza naye mwenyewe. Siku hizi mambo hayo..."

"Mwalimu," nikamkatiza, "wewe kwenu mkaza mwana anampakulia mkwe mezani, na ninyi hamjambo. Mimi sijui nikipita pale kitamtokea nini mtoto huyu. Mguu mmoja umeshakwenda. Siwezi kujaribu kwa ule mwingine." Nilikuwa sijawahi kulitamka hilo mbele ya mtu. "Na hata ningetaka, huoni? Ameziba."

Hakubishana nami, na kwa hilo nilimheshimu. Alimfuta Asifiwe makamasi kwa upindo wa sweta yake, akamwachia vipande vya chaki, akashuka mtoni. Mwanangu alichora namba kwenye ukuta wa jiko mpaka chaki zikaisha. Kitu kimoja kilinishangaza: hakulia. Kila nilipomtazama alikuwa ameuma midomo kama mtu anayezuia kicheko, nikadhani ni uchungu umemzidi.

Jumapili jioni Elina alirudi na sufuria tupu na maneno.

"Mkwe wako anasema kesho mtoto aende shule."

"Apitie wapi, angani?"

"Anasema upite."

"Elina, umeona mwenyewe amefunga!"

"Mimi nimeona mianzi. Kuelewa sikuelewa, na yeye hakunieleza. Kasema upite, nami nimefikisha."

Nilikasirika vizuri, kwa kweli. Nilisema nitakwenda, ndiyo, nitakwenda mpaka kwenye hizo nguzo zake, nigeuke, na kijiji kizima kione nimegeuka, halafu tuone nani atabeba aibu. Asubuhi mvua ilikuwa nyepesi lakini ya kudumu. Nilimfunga Asifiwe mgongoni kwa kanga mbili, nikamfunika kwa nailoni, nikapanda. Nilijifunika uso mapema kabisa. Nilikuwa naona miguu yangu tu na maji yakishuka kati ya mawe.

Nikazifikia nguzo. Nikainua kanga kidogo.

Uzio haukukata njia. Uliipindisha. Pale njia ilipokuwa ikiingia uwanjani, mianzi iliisukuma kando, ikaufuata ukingo wa mlima, mpaka upande wa pili ambako njia ya shule inaendelea. Ilikuwa imesukwa ikabana kama mkeka, hata tundu la sindano halikuwepo. Mahali palipokuwa na utelezi alikuwa amechimba ngazi na kulaza magogo. Upande wa korongo alikuwa ameweka mwanzi mmoja mrefu wa kushikilia mkono. Na ili nafasi hiyo ipatikane, alikuwa ameng'oa mstari mzima wa kahawa yake, kahawa aliyoipanda akiwa kijana. Visiki vilivyong'olewa vilikuwa bado vyeupe. Ule haukuwa tena uwanja wake. Alikuwa ameukata vipande viwili, akanipa kimoja.

Nilisimama pale nikiwa sijui nifanye nini na hasira yangu yote. Nilikuwa nimepanda nayo mlima mzima, na sasa sikuwa na pa kuitua.

"Twende, mama," Asifiwe alininong'oneza sikioni. "Unachelewesha."

Nikaingia. Nilikuwa nimefika katikati nilipomsikia mwanangu akipaza sauti juu ya kichwa changu: "Shikamoo, babu!"

Kama yeye anamwona, basi naye anatuona! Niliinama kwa haraka mpaka magoti yakagonga matope, naye akanishika shingo asidondoke, akicheka.

"Usiiname, mama! Hakuoni. Babu amepima."

"Amepima nini?" nilinong'ona.

"Wewe."

Na hapo mdomo wa Asifiwe, uliofungwa kwa wiki nzima kwa amri ya babu yake, ukafunguka. Baba yake alipokuja mwisho wa mwezi, kabla nguzo hazijasimikwa, alimbeba kwenda kumsalimu babu, kama kawaida yao. Babu alimketisha kwenye kigoda akamwuliza: mama yako akisimama mlangoni mwa jiko, kichwa chake kinafika wapi? Asifiwe akamwambia, kinafika kwenye msumari wa kutundikia ungo. Msumari ule aliupigilia babu mwenyewe. Alijua uko wapi kutoka chini. Akamwuliza tena, na akikubeba, kichwa chako kinazidi chake? Asifiwe akamwambia, nikijinyoosha kinazidi.

"Akasema basi, vizuri, nitakuona wewe tu. Akasema nisiseme mpaka amalize, maana kifua chake kinaweza kukataa, halafu ungengoja bure."

Upande wa pili wa uzio mtu alikohoa. Kisha akaitikia ile shikamoo, kwa sauti ya chini, akaongeza kwa Kinyakyusa kwamba mvua hii si ya kumchelewesha mwanafunzi. Hakusema na mimi. Alisema na mjukuu wake, kama inavyopasa. Nikainuka, nikanyoosha mgongo polepole, nikiogopa. Kichwa changu kilisimama chini kidogo ya ncha za mianzi, upana wa kiganja. Nikatembea nikiwa wima. Hata nyumbani kwangu sikuwahi kutembea wima hivyo nikijua mkwe yupo karibu.

Tulipotoka mwisho wa uzio na kuishika njia ya shule, Asifiwe alikuwa bado anaongea. "Nilimwuliza babu mguu wangu uliharibikaje. Akasema homa. Nikamwambia, watu wanasema ni kwa sababu mlikutana na mama kisimani."

"Asifiwe! Ulimwambia hivyo?"

"Ndiyo. Halafu akasema, siku ile mama yako aliruka shambani na ndoo kichwani na maji hayakumwagika. Akasema mwanamke yule ana adabu kuliko wote walioingia kwenye ukoo huu. Akasema kama yupo mwenye kosa ni yeye, kwa sababu hakukohoa. Alikuwa anawaza mambo yake, akasahau kukohoa." Mtoto akaniegemea sikioni. "Ndiyo maana siku hizi anakohoa sana, mama? Au ni kifua?"

"Ni kifua," nikasema.

Nililia njia nzima. Sikulia kwa huzuni. Miaka sita nilikuwa nimebeba mzigo ambao mtu mwingine, kule juu, alikuwa anadhani ni wake. Kila mmoja amejitwika peke yake, na njia ya kuambiana hakuna. Mvua ilinifaa siku ile. Mwalimu Veronika alipotupokea mlangoni aliona maji usoni tu, akanipa kitambaa cha ubao nijifute, nikatoka na chaki mashavuni. Asifiwe aliingia darasani kwa fimbo yake, akamwambia aliyekuwa amekaa mahali pake, "Samahani, sijafa." Darasa zima likaangua kicheko.

Tukaanza kupita, asubuhi na mchana, mvua zote. Wakaza mwana wengine wenye wakwe upande ule nao wakaanza kupita, wakisifu ngazi. Kila asubuhi kichwa cha mwanangu kilipita juu ya mianzi, na babu na mjukuu waliamkiana, wakaulizana habari: mbili mara sita ni ngapi, kifua kimelalaje. Mimi nilipita kimya. Nilivua ndala nisisikike, nikibana hata pumzi. Sauti yangu mkwe hakuwahi kuisikia, wala haikuwa na ruhusa ya kusikika.

Lakini shukrani nayo ina mateso yake ikikosa mlango. Nilimtuma Elina. "Mwambie nashukuru. Mwambie vizuri, usimwambie kwa kukimbia."

Akarudi. "Nimemwambia. Anasema uzio ni wa kuzuia mbuzi."

"Mbuzi gani? Hana hata kuku!"

"Mimi nimefikisha."

Nikaanza kumpikia kwa ufundi: ndizi za karanga, maziwa ya mgando, viazi vya Isongole nilivyovifuata sokoni mwenyewe. Elina akaleta majibu kwamba chakula kilikuwa kizuri tangu zamani, nisijisumbue. Nikamtuma Enosi alipokuja, nikamfundisha maneno yote, kwa maana mume wangu ni mtu mwema lakini ukimpa maneno kumi anafikisha moja.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Alinionyesha mwanzi ulioanza kuoza. Akasema nimshikie wakati anabadilisha."

"Enosi! Hakusema kitu?"

Enosi alifikiri kwa bidii. "Alisema nishike chini zaidi."

Nilicheka, lakini nilikuwa na njaa ya jambo lile. Kanisani nilimshukuru Mungu kwa ajili yake kila Jumapili, nikiwa upande wa wanawake, uso umeinama, na nilijua Mungu amesikia. Ila Mungu hakung'oa kahawa. Nilitaka asikie yule aliyeng'oa.

Mwisho wa mwaka, siku ya kufunga shule, wazazi tuliitwa. Mwalimu mkuu alisimama barazani, Mwalimu Veronika akawaita mbele watoto wa darasa la kwanza wanaopanda kwenda la pili. Asifiwe alipotajwa, alikwenda kwa kuruka na fimbo yake katikati ya watu wote, akajipanga mstarini, mrefu kuliko wenzake kwa kichwa kizima, akanitafuta kwa macho. Mwalimu mkuu alimpa mkono. Kisha akanitazama mimi, akatikisa kichwa kidogo, ile ya mtu anayesema, umeniweza. Sikumweleza kwamba si mimi.

Tulirudi mchana. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka, majani yote yanatoa mvuke. Tulipoingia kwenye njia yetu nilisikia panga upande wa pili: ta, ta, kimya kirefu cha kuhema, ta. Alikuwa anapasua mianzi ya kurekebishia. Asifiwe akajinyoosha, akapiga kelele kwamba amepanda la pili, kwamba alitajwa, kwamba mwalimu mkuu mwenyewe alimshika mkono.

Panga likasimama.

Nami nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nilifungua kanga, nikamshusha mtoto chini, nikapiga goti, nikamwambia kwa kunong'ona apande mabegani. Akashangaa, alikuwa mkubwa mno kwa mabega. Akapanda hivyo hivyo. Nikamshika vifundo vya miguu, ule mnene na ule mwembamba, nikashikilia mwanzi wa ukingoni kwa kiwiko, nikainuka naye. Nilisikia magoti yangu yakilia. Nikainuka mpaka mwisho, nikasimama kwa ncha za vidole, ili asionekane kichwa tu leo. Aonekane mtoto mzima, na sare yake, na mikono yake, na begi. Nikamgeuza uso kuelekea uwanjani. Kila nilichokuwa nimekosa mtu wa kukifikisha, nilikiinua pale kwa nguvu zangu zote.

Alizidi kuwa mzito. Nikakataa kumshusha.

Kisha sauti ikatoka upande wa pili, taratibu, bila kikohozi.

"Ndaga," ilisema. "Ndaga fijo."

Hakutaja jina la mtoto. Hakutaja jina la mtu yeyote.

Asifiwe akainama kutoka juu, nywele zake zikanigusa paji la uso. "Mama," akasema, "babu anasema asante sana."

"Nimesikia," nikajibu, kwa sauti ya kuvuka uzio.